Nukta ya basi kwenye ramani ina umri gani?

Basi linalokwenda kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kila sekunde. Tuseme abiria amesimama Magomeni, simu mkononi, na kwenye ramani anaona nukta ya basi iko Manzese. Anachokiona si mahali basi lilipo. Ni mahali lilipokuwa wakati kifaa kilichofungwa ndani yake kilipopima mara ya mwisho. Kipimo hicho kikiwa na umri wa sekunde 40, na barabara ikiwa haina foleni, basi limeshasogea zaidi ya nusu kilomita. Abiria akivuka kwenda kununua maji kwa kuitegemea nukta hiyo, atarudi akute mgongo wa basi.

Teknolojia za usafiri janja zina majina mengi, na mtu akiyasoma kwa mpigo anatoka na kichwa kizito: GTFS, MQTT, 5G, C-V2X. Njia ya kuyapanga ni kuuliza swali moja kwa kila aina ya taarifa: inaweza kuzeeka kiasi gani kabla haijaanza kudanganya? Ratiba inaweza kukaa wiki kadhaa bila madhara. Mahali basi lilipo panachakaa ndani ya dakika moja na nusu. Hali ya taa za barabarani huchakaa ndani ya sekunde moja. Breki ya gari lililo mbele yako, ikikanyagwa ghafla, ni habari ya sehemu ya kumi ya sekunde. Kila ngazi ina chombo chake cha mawasiliano, na fedha nyingi hupotea pale chombo cha ngazi moja kinapotwishwa mzigo wa ngazi nyingine.

Ratiba, na utata wa saa

Mwaka 2005 shirika la usafiri la Portland, Oregon, liitwalo TriMet, lilishirikiana na Google kuweka ratiba zake katika muundo ambao kompyuta yoyote ingeweza kuusoma. Muundo huo ndio uliokuja kuwa GTFS, na leo unatumika duniani kote. Hauna maajabu. Ni faili la zip lenye majedwali ya maandishi, data zikitenganishwa kwa mkato. Jedwali la stops.txt lina vituo pamoja na latitudo na longitudo zake, routes.txt lina njia, trips.txt lina safari moja moja, stop_times.txt lina saa ya kufika na kuondoka katika kila kituo, na calendar.txt linasema safari hizo zipo siku gani.

Kwa msomaji wa Kiswahili, mtego wa kwanza uko kwenye saa. GTFS huhesabu saa za siku ya huduma, si za siku ya kalenda. Basi la Ijumaa linalopita kituoni saa 7:30 usiku, ambapo kalenda imeshaingia Jumamosi, huandikwa 25:30:00, kwa sababu bado ni sehemu ya huduma ya Ijumaa. Anayeandika 01:30:00 amelirudisha basi hilo nyuma kwa siku nzima. Anayenakili daftari la konda kama lilivyo na kuandika 07:30:00 amelifanya liwe basi la saa 1:30 asubuhi. Kwa hiyo karani anayeingiza ratiba iliyoandikwa kwa saa za Kiswahili apewe jedwali la kubadilishia, na mtu wa pili azipitie safari zote zinazovuka saa 6 usiku.

Mtego wa pili ni tarehe ya mwisho. Kila ratiba ndani ya calendar.txt ina siku ya kuanza na siku ya kuisha. Siku ya kuisha ikipita bila faili jipya kupakiwa, programu za abiria haziendelei na ratiba ya zamani. Zinaonyesha kwamba hakuna basi hata moja jijini. Mabasi yapo barabarani, vifaa vinatuma, seva iko hai, lakini hakuna safari ya kuambatanisha na vipimo hivyo. Anayesimamia mfumo aweke onyo la kiotomatiki siku 14 kabla.

Na njia zisizo na ratiba je? Nairobi ilishalijibu hilo. Mradi wa Digital Matatus, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Nairobi, Chuo Kikuu cha Columbia, MIT na kampuni ya Groupshot, uliwatumia wanafunzi waliopanda matatu wakiwa na simu zinazorekodi njia na vituo. Walipata njia zaidi ya 130, na ramani yake ikatolewa Januari 2014. Kwa kuwa gari huondoka likijaa, hakuna saa ya kuandika. Badala yake hutumika jedwali la frequencies.txt: kuanzia saa fulani hadi saa fulani gari hupita kila baada ya sekunde 600, na alama ya 0 huwekwa kuonyesha kwamba hiyo ni kadirio, si ahadi ya dakika. Daladala huandikwa kwa mtindo huohuo. Kuzitungia saa za uongo ili jedwali lionekane limekamilika ni kosa kubwa kuliko kuacha nafasi wazi, kwa sababu programu itampa abiria dakika ambayo hakuna dereva aliyeiahidi.

Kifaa ndani ya basi

Kifaa cha kufuatilia basi kina sehemu nne: kipokezi cha setilaiti, modemu ya simu yenye laini yake, kumbukumbu ndogo, na betri ya akiba. Kipokezi husikiliza setilaiti za GPS zilizo umbali wa kilomita 20,200 juu ya ardhi, na huhitaji zisizopungua nne: tatu kwa ajili ya mahali na moja kwa ajili ya kusahihisha saa yake yenyewe. Mahali hupatikana kwa kupima muda ambao mawimbi yamesafiri, na nanosekunde moja ya kosa ni sentimita 30. Ndiyo maana mawimbi yanayogonga ghorofa refu kabla ya kufika kwenye antena huivuta nukta hadi mtaa wa pili: yamechelewa kidogo tu, na uchelewaji huo kipokezi huusoma kama umbali.

Fundi anapofunga kifaa, mambo machache huamua kama kitafanya kazi kwa miaka au kwa wiki. Antena ilale ikitazama juu, chini ya plastiki au kioo, kamwe isiwe chini ya bati. Waya wa umeme utoke kwenye betri kupitia fyuzi yake yenyewe, na waya wa pili uende kwenye swichi ya kuwashia gari ili kifaa kijue kama injini inafanya kazi. Umeme ukitolewa kwenye swichi peke yake, kifaa huzimika kila dereva anapozima gari stendi, na kikiwashwa tena huanza upya. Kuanza upya kuna gharama: kila setilaiti hurudia taarifa za mzunguko wake kila sekunde 30, kwa kasi ya biti 50 kwa sekunde, kwa hiyo kipokezi kilichozimwa kwa saa nyingi hakiwezi kupata mahali chini ya nusu dakika kikiwa peke yake. Likiondoka stendi wakati kifaa bado kinatafuta, basi linakata vituo viwili vya kwanza bila kuonekana.

Mabasi makubwa hutumia umeme wa volti 24, na unaruka juu zaidi ya hapo mzigo mkubwa unapokatika ghafla. Kifaa kilichotengenezwa kwa gari dogo la volti 12 hufa hapo. Laini ya simu nayo hulegea kwa mtikisiko; kibebeo chenye kifuniko cha kufunga ni bora kuliko kile cha kusukuma.

Kuna makosa mawili ya saa ambayo yamewasumbua mafundi wengi. Saa ya GPS haifuati sekunde za nyongeza ambazo saa ya dunia, UTC, huongezewa mara chache, na tangu Januari 2017 tofauti yake ni sekunde 18. Kifaa kikituma saa ya GPS na seva ikaisoma kama UTC, kila kipimo kitaonekana kimetoka sekunde 18 mbele ya wakati halisi. Kwa kilomita 50 kwa saa hizo ni mita 250. Kosa la pili ni la wiki. Ujumbe wa zamani wa GPS huhesabu wiki kwa biti 10, yaani wiki 1,024, kisha hurudi sifuri. Ilitokea tarehe 6 Aprili 2019, na vifaa ambavyo programu zake hazikuandaliwa vilirudi nyuma karibu miaka 20. Mahali palikuwa sahihi ila tarehe ilikuwa ya 1999, na seva zikavitupa vipimo hivyo kama takataka. Zamu inayofuata ni Novemba 2038.

Makosa ya latitudo na longitudo yana sura zake, na ukizijua unayatambua kwa kuangalia ramani tu. Dar es Salaam iko karibu latitudo -6.8 na longitudo 39.28. Alama ya kutoa ikipotea, mabasi yote yanahamia milima ya Ethiopia. Namba mbili zikibadilishana nafasi, yanaonekana magharibi mwa Hispania, karibu na Ureno. Kifaa kikituma sifuri na sifuri kabla hakijapata setilaiti, yanaelea baharini katika Ghuba ya Guinea. Mifumo mingine hutanguliza longitudo na mingine latitudo, kwa hiyo kosa la pili litaendelea kuwepo kila mifumo miwili inapounganishwa.

Hewani hadi kwenye seva

Kipimo kimoja, yaani mahali, saa, kasi, uelekeo, idadi ya setilaiti na hali ya swichi, kinaenea katika baiti 30 hivi. Pamoja na bahasha za mtandao tuhesabu baiti 100. Basi linalotuma kila sekunde 30 kwa saa 16 hutuma mara 1,920 kwa siku, yaani kilobaiti 192, na chini ya megabaiti 6 kwa mwezi. Bando la namna hiyo si mzigo kwa kampuni. Lakini mtengeneza programu akitumia njia ya tovuti, akifungua muunganiko mpya wenye ulinzi kwa kila kipimo, kila mara zitapita kilobaiti 5 hivi za salamu na vyeti. Hapo mwezi unafika megabaiti 288 kwa basi moja, taarifa ikiwa ileile. Dawa yake ni kufungua muunganiko mmoja na kuuacha wazi. Itifaki ya MQTT, yaani kanuni za mawasiliano kati ya vifaa, iliyobuniwa mwaka 1999 kwa ajili ya kufuatilia mabomba ya mafuta kupitia setilaiti, imejengwa kwa kazi hiyo hasa, na ina jambo moja zuri la ziada: kifaa huacha wosia kwa seva, kwamba muunganiko ukikatika bila kuaga, seva iwatangazie wengine kuwa basi hili limepotea.

Kutuma kwa muda peke yake ni upotevu basi likiwa limesimama, na ni uchache mno likiwa linakata kona. Mpangilio unaofaa mjini ni kutuma kila sekunde 30, au kila mita 100, au kila uelekeo unapobadilika kwa zaidi ya nyuzi 20, lolote litakalotangulia.

Mtandao ukikosekana, kifaa kizuri huweka vipimo kwenye kumbukumbu na kuvituma vyote kwa pamoja mawasiliano yakirudi. Hapa ndipo kazi mbili tofauti hugongana. Tanzania, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, hufuatilia mabasi ya mikoani kwa mfumo wa kufuatilia magari, VTS, na kazi yake kubwa ni kudhibiti mwendo. Kwa kazi hiyo, kipimo kilichochelewa dakika 20 kwa sababu basi lilikuwa porini bado ni ushahidi kamili, alimradi saa ya kupimwa imeandikwa sawasawa. Kwa abiria anayengoja, kipimo hichohicho ni uchafu. Mtu akichukua mfumo wa udhibiti na kuubandika moja kwa moja kwenye skrini ya kituo, nukta zitaruka: basi litaonekana limesimama muda mrefu, kisha litakimbia kilomita nyingi kwa sekunde tatu wakati akiba inamwagwa. Seva itenganishe mito miwili. Vipimo vyote viingie kwenye hifadhi. Kile cha karibuni tu, kwa saa ya kifaa na si kwa saa ya kuwasili, kiende kwa abiria.

Ukitaka kujua ucheleweshaji uko wapi, andika saa nne kwa kila kipimo: saa kilipopimwa, saa kilipotumwa, saa kilipopokelewa na seva, na saa kilipoonyeshwa. Toa moja baada ya nyingine. Pengo kubwa kati ya ya kwanza na ya pili ni mpangilio wa kifaa. Kati ya ya pili na ya tatu ni mtandao wa simu. Kati ya ya tatu na ya nne ni seva, na mara nyingi sana tatizo liko hapo, kwa sababu mtu fulani ameweka kazi ya kusasisha kila dakika 5 ili kupunguza mzigo. Kampuni nyingi hulaumu mtandao wa simu bila kuwahi kufanya hesabu hii ya kutoa.

Juu ya daraja au chini yake?

Kipimo cha setilaiti huwa na kosa la mita kadhaa, kwa hiyo nukta hudondokea kwenye paa la duka au mtaroni. Seva lazima iisogeze hadi barabarani. Kuchagua barabara iliyo karibu zaidi hakutoshi. Kanuni nzuri huangalia mfululizo wa vipimo na kuuliza ni mlolongo upi wa barabara unaowezekana: gari haliwezi kuwa barabara hii sasa na nyingine baada ya sekunde 10 kama hakuna njia ya kuziunganisha.

Mtihani mgumu ni barabara zilizopandana. Nairobi Expressway, iliyofunguliwa mwaka 2022, ina urefu wa kilomita 27, na sehemu yake imepita angani juu ya barabara ya zamani. Dar es Salaam kuna makutano ya Ubungo ya ngazi tatu, yaliyopewa jina la Kijazi. Setilaiti hupima urefu wa kwenda juu kwa kosa kubwa kuliko wa pembeni, kwa hiyo usiutegemee kuamua ngazi. Kinachosaidia ni mahali gari lilipoingilia, pamoja na kasi: vipimo vitatu mfululizo vya kilomita 70 kwa saa, wakati chini kuna foleni, vinatosha kusema liko juu. Kwa basi la abiria ni rahisi zaidi, maana njia yake inajulikana tangu ratiba. Seva iipe njia hiyo uzito wa kwanza, lakini isiilazimishe. Basi likichepushwa na mafuriko bonde la Jangwani, seva inayolazimisha itaendelea kuliburuza kwenye barabara iliyofungwa.

Dakika zilizobaki

Sasa seva inajua basi liko wapi, na abiria anataka dakika. Hesabu ya umbali kugawanya kwa kasi ya sasa huharibika mara basi linaposimama: kasi sifuri hutoa jibu lisilo na mwisho. Njia inayofanya kazi ni kukata barabara vipande kati ya kituo na kituo, kutunza muda wa kawaida wa kila kipande kwa saa na siku ya wiki, kisha kusahihisha kwa muda uliotumiwa na mabasi mawili au matatu ya mwisho kupita hapohapo. Basi la mbele ndilo shahidi bora wa hali ya barabara.

Majibu husambazwa kwa GTFS Realtime, muundo ndugu uliotoka mwaka 2011. Una habari za aina tatu kuu: mabadiliko ya safari, mahali pa magari, na matangazo. Mwongozo wake unaeleweka: faili lisasishwe angalau kila sekunde 30, na taarifa za safari na mahali zisiwe na umri zaidi ya sekunde 90. Zikizidi, ziondolewe. Zisipoondolewa, ndipo mabasi hewa huzaliwa. Kifaa kimezimika, lakini seva inaendelea kulisogeza basi kwa kubahatisha hadi skrini inaandika dakika 1, kisha linafika, na abiria hawaoni kitu barabarani. Kuonyesha ratiba ya kawaida, kwa rangi tofauti na bila kujidai ni ya moja kwa moja, kunamheshimu abiria kuliko kumwonyesha basi lisilokuwepo.

Taarifa hiyo ina kazi nyingine muhimu kuliko kumtuliza anayengoja. Chukua njia ambayo mabasi hupishana dakika 5, kituo kinapokea abiria 4 kila dakika, na kila abiria huchukua sekunde 3 kupanda. Basi likifika kwa wakati hukuta watu 20 na kusimama sekunde 60. Likichelewa dakika moja hukuta watu 24 na kusimama sekunde 72. La nyuma yake, ambalo sasa limelikaribia, hukuta watu 16 na kusimama sekunde 48. Kituo kimoja kimewapunguzia umbali kwa sekunde 24, na kinachofuata kitaongeza. Baada ya vituo kadhaa mabasi mawili yanatembea yamefuatana, la mbele limejaa hadi mlangoni na la nyuma lina viti vitupu, kisha njia inakauka dakika 10. Yeyote aliyepanda mwendokasi jioni ameyaona haya, na hayatokani na uzembe wa madereva. Dawa ni kulizuia basi la nyuma kidogo katika kituo kimoja au viwili vilivyochaguliwa. Anayeongoza kazi hiyo anahitaji vipimo vyenye umri usiozidi nusu dakika hivi, kwa sababu tofauti anayoirekebisha yenyewe ni ya sekunde 24.

Taa za barabarani

Tukishuka ngazi nyingine tunafika kwenye taa. Makutano yaliyounganishwa hutangaza ujumbe wa aina mbili: ramani ya njia zake, na hali ya kila taa pamoja na makadirio ya lini itabadilika. Ujumbe wa pili hutumwa mara 10 kwa sekunde. Taa zenye muda maalumu hutoa makadirio mazuri. Zile zinazobadilika kufuatana na magari yanayofika haziwezi kuahidi. Hutoa muda wa mapema kabisa na wa mwisho kabisa, na pengo likiwa kubwa, ushauri wa mwendo kwa dereva hauna thamani. Basi lenye kifaa linaweza kuomba nafasi: taa ya kijani irefushwe kwa sekunde chache, au nyekundu ifupishwe. Ombi hilo lifanyike basi likishatoka kwenye kituo kilicho kabla ya taa, kwa sababu hakuna anayejua abiria watachukua muda gani kupanda.

Dar es Salaam na Nairobi kuna hali ambayo vitabu vingi vya kigeni haviigusi: saa za msongamano askari wa usalama barabarani huingia katikati na kuongoza magari kwa mkono, taa zikiendelea kuwaka. Hapo ujumbe wa taa unakuwa uongo wenye saa sahihi. Mfumo wowote wa kutangaza taa katika miji hii unahitaji swichi kwenye kabati la taa, ambayo askari akiigeuza, makutano yanatangaza wazi kwamba yanaongozwa kwa mkono na kuacha kutoa makadirio. Ni swichi ya bei ndogo, na bila hiyo mradi mzima hauna maana kuanzia saa 10 jioni.

Gari kwa gari

Ngazi ya mwisho ni magari kuambiana moja kwa moja. Kwa kilomita 100 kwa saa gari hukata mita 2.8 katika milisekunde 100, kwa hiyo kila gari hutangaza mahali, kasi, uelekeo na hali ya breki hadi mara 10 kwa sekunde. Kupitisha hayo kwenye mnara wa simu na seva ya mbali kunawezekana siku mtandao ukiwa mwepesi. Ukilemewa, ujumbe wa breki unafika baada ya mgongano. Ndiyo maana magari hutumia redio ya moja kwa moja katika masafa ya gigahezi 5.9, isiyohitaji mnara wala bando.

Kuna njia mbili zilizoshindana. Ya kwanza, 802.11p, ni ndugu wa Wi-Fi: sikiliza, hewa ikiwa kimya sema. Udhaifu wake ni magari mawili yaliyofichwa na jengo yasiposikiana. Yote huona hewa iko kimya, yanasema kwa pamoja, na gari la katikati halielewi lolote. Ya pili, C-V2X, ilitoka kwenye familia ya simu katika viwango vya mwaka 2017 vya 3GPP, muungano unaoandika viwango vya mitandao ya simu. Kila gari husikiliza kwa sekunde moja, huchagua kipande cha muda kilicho wazi, na hukishikilia kwa matangazo kadhaa. Hii huhitaji saa zinazolingana kutoka setilaiti, na magari mawili yaliyochagua kipande kimoja hayasikiani hadi yachague upya.

Marekani ilitenga megahezi 75 kwa kazi hii mwaka 1999, na matumizi yakawa madogo. Mwaka 2020 tume ya mawasiliano, FCC, ilichukua megahezi 45 ikazipa Wi-Fi, ikaacha 30 kwa C-V2X. China nayo ilichagua C-V2X. Ulaya, Volkswagen ilikuwa imeshaweka njia ya kwanza, 802.11p, kwenye gari lake la Golf la mwaka 2019. Japani inatumia pia masafa ya megahezi 760. Redio hizi hazielewani zenyewe kwa zenyewe, na hilo linatugusa kwa sababu magari mengi yanayoshuka bandari ya Dar es Salaam na Mombasa yametumika kwanza Japani. Kila mwenye gari la namna hiyo anajua redio ya FM iliyokuja nalo: ilitengenezwa kwa masafa yanayoanzia 76 na kuishia 90, wakati stesheni zetu zinafika 108, ikabidi anunue kifaa cha kuongeza. Kwa redio ya megahezi 760 hakuna kifaa cha namna hiyo, na masafa hayo katika ukanda wetu yamo ndani ya bendi ya 700 iliyopangiwa simu.

Usalama wa ujumbe una hesabu yake. Kila ujumbe hubeba sahihi ya kidijitali ya baiti 64, na cheti hubadilishwa mara kwa mara ili gari lisifuatiliwe. Magari 200 yakiwa karibu, kila moja likitangaza mara 10, kifaa lazima kihakiki sahihi 2,000 kwa sekunde. Kompyuta ya kawaida ya redio ya gari haiwezi. Inahitaji kichakato maalumu.

Kisha kuna hesabu ya idadi. Ikiwa gari moja kati ya kumi lina redio, uwezekano wa magari mawili yanayokutana yote kuwa nayo ni asilimia 1. Yakifika asilimia 30, ni asilimia 9. Mnunuzi wa kwanza hapati chochote kwa miaka. Basi na makutano havina tatizo hilo: ukifunga kifaa kwenye basi moja na kwenye taa zilizo katika njia yake, safari ya kwanza kesho yake asubuhi inapita kwa kijani.